Tumbo likigoma, vitamini D nayo ihojiwe

Kuna sentensi moja inatembea sana hapa chuoni, na kila anayeitamka anaitamka kwa uhakika kama vile ametoka kuisoma kwenye katiba: "Aah, hiyo si dawa bwana, ni vitamini tu." Utaisikia kwenye vimbweta, utaisikia kwenye foleni ya kafeteria, na utaisikia zaidi wiki ile bumu linapoingia, maana ndiyo wiki ambayo makopo ya vitamini D hupandishwa ngazi za mabweni ghorofa kwa ghorofa, yakiwa ndani ya mikoba ya wanafunzi wenzetu. Kopo linanadiwa kwa maneno mazuri: mifupa, kinga ya mwili, ngozi, nywele, usingizi, hata kumbukumbu wakati wa mtihani. Sijawahi kumsikia muuzaji hata mmoja akitaja tumbo.

Basi mimi nitalitaja. Na msimamo wangu nauweka mapema ili asiyekubaliana nami aanze kukasirika mapema: kidonge cha vitamini D ni dawa. Kina kipimo chake, kina watu kinaowafaa na watu kisiowafaa, na kina maudhi yake. Mojawapo ya maudhi hayo ni kuvimbiwa. Anayekuuzia bila kukwambia hayo amekuuzia nusu ya bidhaa kwa bei ya bidhaa nzima.

Nikisema kuvimbiwa namaanisha ule usumbufu ambao kila mkaazi wa bwenini anaujua: tumbo linajaa kabla hujafika nusu ya sahani, gesi, kiungulia kinachopanda ukilala chali, kichefuchefu cha asubuhi (ambacho kwa sisi wasichana huzua maswali mengine kabisa), na choo kigumu kinachokufanya uchelewe kipindi cha saa moja. Vitu hivi havina heshima. Hakuna anayeandika tangazo la msiba kwa sababu ya gesi. Ndiyo maana tunavipuuza, na ndiyo maana chanzo chake hakitafutwi.

Niwe mkweli kwanza, maana naona kuna mabingwa wa famasia wameshashika kalamu kunijibu. Watu wengi wanaomeza kipimo cha kawaida cha vitamini D hawahisi chochote. Kule Marekani ulifanyika utafiti mkubwa unaoitwa VITAL, watu 25,871, nusu yao wakimeza vizio 2,000 kila siku na nusu wakimeza kidonge kisicho na kitu, kwa muda wa miaka mitano hivi. Waliomeza vitamini hawakuonekana kuzidiwa na kalsiamu mwilini kuliko wenzao. Sawa. Lakini utafiti huohuo, matokeo yake yalipotangazwa mwishoni mwa 2018, ulionyesha pia kwamba vitamini hiyo haikupunguza saratani wala mshtuko wa moyo au kiharusi kwa watu wale, na mwaka 2022 ikaonekana haikupunguza hata kuvunjika mifupa. Kwa hiyo anayetaka kuutumia utafiti huo kuniambia kwamba vidonge ni salama, auchukue wote. Asichukue paja akaniachia shingo.

Tatizo letu hapa chuoni ni kwamba hatumezi kipimo cha kawaida, hatumezi kwa namna inayotakiwa, na tukiumwa hatukitaji.

Muhula uliopita mwenzangu wa chumbani aliugua tumbo kwa karibu wiki sita. Hakulazwa, hakuzimia, alikuwa tu mtu wa kushika tumbo. Mtuhumiwa wa kwanza akawa maharage ya kafeteria. Yakaachwa, hali ileile. Akafuata mama ntilie wa getini na mafuta yake yanayokaangia mara saba. Kisha ikaja hofu ya vidonda vya tumbo, kwa kuwa shangazi yake anavyo. Kisha tukasema ni presha ya UE, asije akadisko. Alikwenda zahanati akaulizwa kama kuna dawa yoyote anayotumia, akajibu hapana, na hakuwa anadanganya. Kopo lilikuwa dirishani kwetu, karibu na mswaki wake, lakini kichwani mwake lile halikuwa dawa. Vidonge viwili kila alfajiri, kila kimoja vizio 5,000 vya vitamini D pamoja na kalsiamu ndani yake, kwa chai ya rangi bila kitafunwa, kwa sababu aliyemuuzia alimwambia tumbo likiwa tupu ndipo "inaingia vizuri". Na juu ya hapo, kila kiungulia kilipopanda, alitafuna vidonge vya kutuliza asidi.

Aliyeuliza swali sahihi ni dada wa duka la dawa mjini, siku mwenzangu alipokwenda kununua pakiti nyingine ya hivyo vidonge vya asidi. Hakumuuliza "unatumia dawa gani?" Alimuuliza, "Mdogo wangu, ukiamka mpaka unalala, unameza nini na nini?" Hapo ndipo kopo likatajwa. Alishauriwa aliweke pembeni na arudi zahanati akaseme ukweli wote. Haikupita wiki mbili akawa anakula kama zamani, na mimi nikarudi kugombania sufuria. Kesi moja haithibitishi kitu, najua, na mwenzangu naye siku hizohizo aliacha chipsi za saa nne usiku. Lakini tazama lile swali. Wiki sita tulituhumu kila kitu kinachoingia mdomoni, isipokuwa kitu kimoja kilichokuwa kinaingia kila siku bila kukosa.

Sasa kidonge kama hiki kinalichafuaje tumbo? Njia ni zaidi ya moja, na hazina uzito sawa.

Njia nyepesi ni ya kidonge chenyewe na wenzake waliomo koponi. Vitamini D huyeyuka kwenye mafuta, haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo hufyonzwa vizuri zaidi ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Kumeza kwenye tumbo tupu hakuifanyi "iingie vizuri", na kwa baadhi ya watu kile kidonge chenye mafuta kikikuta tumbo halina kitu huleta kichefuchefu. Halafu soma lebo. Makopo mengi yanayopita mabwenini hayana vitamini D peke yake. Utakuta kalsiamu kaboneti, ambayo ni jamii ileile ya mawe ya chokaa, na inajulikana kwa kuleta gesi, kujaza tumbo na kufunga choo. Utakuta madini ya chuma, nayo yanachefua na kufanya choo kuwa kigumu. Utakuta magnesiamu, ambayo yenyewe hufanya kinyume, inaharisha. Mtu anasema vitamini D imemvuruga tumbo, kumbe aliyemvuruga ni abiria mwingine kwenye basi hilohilo. Kwa mgonjwa tofauti hiyo ni ndogo, kopo ni lilelile, lakini kwa anayetafuta suluhisho ni kubwa: huenda unahitaji tu kubadilisha aina, au kumeza baada ya ubwabwa wa mchana.

Njia nzito ni ya kuzidisha. Kazi kubwa ya vitamini D mwilini ni kuuambia utumbo ufyonze kalsiamu. Ini huibadilisha mara moja, figo huibadilisha mara ya pili, na ikishafika hapo ndipo inaanza kutoa amri. Ukiwa nayo nyingi kupita kiasi, amri hazikomi, kalsiamu inazidi kwenye damu, na kalsiamu ikizidi misuli ya utumbo inakuwa mizito kusukuma chakula. Chakula kinakaa. Hamu ya kula inakimbia, kichefuchefu kinakuja, choo kinafunga, tumbo linauma. Kalsiamu hiyohiyo inaweza pia kuchochea tumbo litoe asidi zaidi. Baadaye huja kiu isiyoisha na kwenda haja ndogo kila saa, na mambo yakifika mbali figo zinaanza kuumia na akili inachanganyikiwa. Umeona mpangilio wake? Mara nyingi tumbo ni miongoni mwa wa kwanza kupiga kelele. Sisi tunainyamazisha kelele hiyo kwa vidonge vya asidi, tunaendelea na kopo.

Na hapo kwenye vidonge vya asidi ndipo pananitia hofu kuliko kote. Baadhi yake vimetengenezwa kwa kalsiamu kaboneti ileile. Siyo vyote, vingine ni vya magnesiamu au aluminiamu, lakini nani kati yetu anasoma? Kwa hiyo mtu ana kopo linaloufanya utumbo ufyonze kalsiamu zaidi, linamletea kiungulia, anakitibu kiungulia kwa kutafuna kalsiamu, na ile kaboneti inapunguza ukali wa damu kwa namna inayofanya figo zishindwe kuitoa kalsiamu ya ziada. Ni kama kuzima moto wa jiko kwa kumwagia mafuta ya taa halafu ukashangaa moto una hasira. Madaktari wanaujua ugonjwa huu tangu zamani, enzi ambazo vidonda vya tumbo vilitibiwa kwa maziwa mengi na dawa za kukata asidi. Ulipungua dawa mpya zilipokuja, na umeonekana tena kwa watu wanaojitibu kwa makopo.

Wenzetu kwingineko wameshalipia somo hili. Uingereza, miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali iliogopa matege, ikahakikisha maziwa ya unga ya watoto, uji wa nafaka na mafuta ya samaki vyote vina vitamini D. Nia njema kabisa. Ila mtoto mmoja alikuwa anapata vyote vitatu kwa siku moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 madaktari wakaanza kuona vichanga wanaotapika, wanaokosa choo, wanaogoma kunyonya, hawakui, na wakipimwa damu kalsiamu iko juu. Mwaka 1957 viwango vikapunguzwa. Na mwaka 2011 watafiti wakaonyesha kwamba baadhi ya watu huzaliwa na kasoro kwenye jeni inayohusika na kuivunja vitamini D, kwa hiyo dozi inayompita jirani bila habari inaweza kuwaangusha wao. Ndiyo sababu sipendi ile hoja ya "mbona mimi natumia mwaka wa pili huu na sijambo?" Hongera sana. Tumbo lako si maabara ya taifa.

Mwaka 2022 jarida la kitabibu la Uingereza lilichapisha habari za mwanamume wa makamo aliyeanza kumeza zaidi ya aina ishirini za virutubisho, vitamini D ya kiwango kikubwa ikiwemo, baada ya kushauriwa na mtaalamu binafsi wa lishe. Haukupita muda mrefu akaanza kutapika, kichefuchefu, maumivu ya tumbo, kinywa kukauka, kiu, na alipungua kilo 12.7. Aliviacha vidonge dalili zilipoanza, lakini dalili hazikumwacha. Zilikaa naye karibu miezi mitatu, mpaka akalazwa siku nane akitundikiwa maji. Sababu inaeleweka kirahisi: kitu kinachoyeyuka kwenye mafuta hujificha kwenye mafuta ya mwili, na hutoka polepole. Ukizidisha vitamini C, nyingi utaikojoa. Hii hukai nayo kwa masharti hayo.

Mwaka 2023, hukohuko, mzee wa miaka 89 alifariki, na mchunguzi wa vifo alikuta kiwango cha vitamini D kwenye damu yake kimefika ukomo wa mashine inayopimia. Mchunguzi huyo aliziandikia mamlaka akilalamika kwamba vifungashio havimwonyi mnunuzi juu ya hatari ya kuzidisha. Hiyo ni nchi ambayo jua lake la baridi ni la kubahatisha, nchi ambayo serikali yenyewe inawashauri watu wameze maikrogramu 10 kwa siku wakati wa majira ya baridi. Hata huko lebo haisemi. Sasa fikiria kopo lililofika kwetu likiwa limepitia mikono sita, na maelezo yake yameandikwa kwa lugha ambayo mnunuzi haisomi.

Tuje kwenye hesabu, maana naamini nusu ya matatizo haya ni ya hesabu. Kopo moja linaandika IU, vizio vya kimataifa. Jingine linaandika mcg, maikrogramu. Maikrogramu moja ni vizio 40. Kwa hiyo 25 mcg, namba inayoonekana ndogo na ya upole, ni vizio 1,000, na 125 mcg ni vizio 5,000. Wataalamu wa Marekani wamependekeza mtu mzima wa rika letu apate vizio 600 kwa siku, vyanzo vyote pamoja, na wameweka ukomo wa 4,000 kwa mtu asiye chini ya uangalizi wa daktari. Mwenzangu wa chumbani alikuwa kwenye 10,000. Siyo kwamba anayevuka 4,000 anaanguka papo hapo. Ukomo umewekwa mbali na shimo kwa makusudi. Lakini ukomo ni ukomo, na kidonge kimoja tu cha 5,000 kimeshauvuka.

Halafu kuna vile vya 50,000. Hivi huandikwa na daktari kwa mtu aliyepimwa akakutwa na upungufu, kwa kawaida kimoja kwa wiki, mathalani kwa wiki nane. Piga hesabu: wiki nane ni vizio 400,000. Mtu akidhani ni vya kila siku, anammaliza daktari kwa siku nane tu. Nimeona kwenye kundi letu la wasap mwanafunzi akiuza hivyo kwa punje, bila boksi, bila karatasi, na maelekezo yake yalikuwa maneno matatu: "kutwa mara moja".

Hapa naomba niongee na wana-elimu wenzangu, sisi tunaojiandaa kushika chaki. Mnalikumbuka lile jedwali la vitamini tulilokariri tangu shule ya msingi? Safu ya kwanza vitamini, safu ya pili chanzo chake, safu ya tatu ugonjwa utokanao na upungufu. Vitamini D: jua, mayai, samaki, maini, matege. Umepata alama zako, umekwenda zako. Jedwali hilo halikuwa na safu ya nne. Hakuna mahali palipoandikwa kinachotokea zikizidi. Tumekulia kwenye jedwali linalosema hatari ya vitamini iko upande mmoja tu, upande wa kukosa, kwa hiyo leo mtu akituambia "ongeza" hatuna pa kumkatalia. Muuzaji wa bwenini hakutudanganya, alikuja kuvuna shamba tulilolimiwa na mtaala. Nikienda mazoezi ya ufundishaji mwaka huu, safu hiyo nitaichora mwenyewe ubaoni, na mwalimu msimamizi akiniuliza imetoka wapi nitamwonyesha.

Kuna wanaonijibu kwamba upungufu upo, hata huku kwenye jua. Ni kweli na sibishani. Mtu anayeshinda maktaba tangu asubuhi mpaka geti linafungwa hapati jua la kutosha, na kukaa karibu na dirisha hakumsaidii, kwa sababu kioo huzuia ile mionzi inayotengeneza vitamini D kwenye ngozi. Wapo wanaojifunika mwili mzima, wapo wenye magonjwa ya figo na ini, wapo wanaotumia dawa fulani za kifafa. Hao vidonge vinaweza kuwa msaada wao halali, wakipimwa na wakielekezwa. Ila tusiambiwe kwamba ngozi nyeusi chini ya jua la Tanzania imeshindwa kazi. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya damu vya Wamaasai 35 na Wahadzabe 25 wa hapahapa nchini wanaoishi maisha yao ya asili, na wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, kiwango ambacho maabara nyingi zingekiita kizuri kabisa. Hawakuwa na kopo. Na jua lina ustaarabu ambao kopo halina: ngozi ikishatengeneza ya kutosha, mionzi inayofuata huivunja ile ziada. Hakuna aliyewahi kuzidiwa na vitamini D kwa kuota jua. Utaungua, utapata kizunguzungu, lakini si hilo.

Wapo pia ambao kopo lingewafaa waliogope zaidi kuliko sisi wengine: aliyewahi kuwa na mawe kwenye figo, anayetumia dawa za presha zile za kukojoza, na anayeugua kifua kikuu, kwa kuwa ugonjwa huo wenyewe unaweza kuufanya mwili utengeneze vitamini D iliyokwisha kuwashwa na kalsiamu ikapanda. Muuzaji anayegonga mlango wa chumba namba fulani saa tatu usiku hajui ni nani kati ya wanne waliomo ana lipi kati ya hayo. Haulizi.

Na kuhusu muuzaji, nisieleweke vibaya. Ni komredi mwenzetu. Bumu limechelewa, ada haijakamilika, nyumbani wanasubiri naye atume kitu, akajiunga na mtandao wa biashara ambao unamlipa zaidi akileta watu chini yake. Kampuni hiyo siitaji jina, na wala sitaki auxiliary polisi wa chuo wamkimbize ngazini na mkoba wake. Ninachokitaka ni kidogo na hakimzuii kuuza. Kabla hajapokea hela aulize: una ugonjwa wowote wa figo, una mimba, unameza kitu gani kingine? Akishapokea hela aseme: hii meza baada ya chakula, kipimo chake ni hiki na si zaidi, na ukiona tumbo linajaa, kichefuchefu au choo kufunga, acha, nenda zahanati, na ulibebe hili kopo mkononi. Sekunde arobaini. Nimezipima kwa simu.

Asiyeweza kusema hayo kwa sababu yatamharibia soko, basi ametujulisha mwenyewe anauza nini.

Kwa upande wa zahanati yetu, ombi langu ni la maneno sita. Pale mgonjwa anapoulizwa "unatumia dawa gani?", iongezwe "na vitamini, na dawa za asili?" Mwanafunzi wa chuo hiki hatajibu swali la kwanza kwa kulitaja kopo, kwa sababu zile nilizozieleza. Na ikithibitika kidonge kimemletea mtu madhara, iripotiwe. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba hupokea taarifa za madhara ya dawa, na si lazima uwe daktari ndipo uzitoe. Tumbo la mwanafunzi mmoja likiandikwa kwenye fomu linakuwa taarifa. Likiishia kwenye kimbweta linakuwa umbea.

Wizara ya Afya ya serikali yetu ya wanafunzi nayo ina bajeti ya mabango. Muhula uliopita bajeti hiyo ilichapisha picha za viongozi. Safari hii naomba bango moja kwa kila bweni, likiwa na ile hesabu ya mcg na IU, ukomo wa 4,000, na zile dalili za tumbo kwa Kiswahili cha kawaida, bila picha ya mtu yeyote. Hoja nimeiandika na kuikabidhi kwa mbunge wa bweni letu ili ipelekwe kwenye kikao kijacho cha bunge la wanafunzi. Inahitaji saini mia moja. Mpaka naandika makala hii zilikuwa sitini na tatu, na karatasi imebandikwa kwenye mlango wa chumba cha kufulia, ghorofa ya kwanza, upande wa kushoto. Kalamu imefungwa na uzi, msiondoke nayo.